Umekua au umeongeza miaka tu? Mwongozo wa kujikagua kwa saa zako, watu wako na jina unalojiita

Siku ya kuzaliwa ikifika, au mwaka ukikaribia kuisha, wengi wetu hukaa pembeni na kujiuliza: hivi nimekua? Jibu huja haraka mno. Aliyetoka kupandishwa cheo anasema ndiyo, aliyetoka kuachwa anasema hapana, na wote wawili wamesema tu jinsi walivyojisikia jioni ile. Wakilala vizuri, asubuhi majibu yamebadilika.

Mwongozo huu unataka uhoji ushahidi kabla ya kuuhoji moyo. Ushahidi unao tayari, umetapakaa kwenye kalenda, kwenye simu, kwenye miamala yako na vinywani mwa watu wanaokutegemea. Tutaupitia kwa mpangilio usio wa kawaida. Watu wengi huanza na "mimi ni nani?", wanazama humo wiki nzima na kuibuka na sentensi tamu zisizowasaidia kitu. Sisi tutaanza na vipaumbele, twende kwenye kuaminiana, na utambulisho uje mwisho. Ipo kazi moja ndogo tu ya utambulisho ambayo lazima itangulie, kwa sababu ukiichelewesha itaharibika.

Tafuta daftari, kalamu, bahasha moja, na ujipe wiki mbili. Daftari liwe la karatasi. Simu ni mmoja wa mashahidi tutakaowahoji, na shahidi hawezi kuwa ndiye karani.

Siku ya kwanza: sentensi ishirini

Mwaka 1954 wanasosholojia wawili wa Marekani, Manfred Kuhn na Thomas McPartland, walichapisha kipimo chepesi sana. Unapewa mistari 20 mitupu na swali moja, "Mimi ni nani?", nawe unalijibu mara 20 kana kwamba unajijibu mwenyewe na hakuna mwingine atakayesoma. Waliona kwamba watu huanza na majibu yasiyo na ubishi: kazi, nafasi katika familia, dini. Hayo yakiisha ndipo huanza kutoka yale ambayo mtu mwingine angeweza kuyapinga, kama vile mimi ni mvumilivu, mimi ni mtu wa kutegemewa, mimi si wa makuu.

Fanya hivyo leo. Jipe dakika kumi, usifute, usipange. Kuanzia sentensi ya kumi hivi utaona kalamu inakwama. Endelea kusukuma, maana hapo ndipo penye kazi. Ya kwangu ya 14 ilisema: "Mimi ndiye ambaye wadogo zangu hukimbilia wakipata shida." Tutairudia.

Andika tarehe, kunja karatasi, funga kwenye bahasha. Usiisome tena mpaka uambiwe. Ukiisoma katikati ya wiki utaanza kuishi ili uifanye kuwa kweli, na kipimo kitakuwa kimeharibika.

Wiki ya kwanza: fuata saa

Wiki ina saa 168. Anayelala saa nane kila usiku anabakiwa na 112. Kwa siku saba, kila baada ya saa tatu hivi, andika ulichofanya. Usisubiri usiku ndipo ukumbuke, kwa sababu kumbukumbu hupenda kupamba. Usijaribu kuwa mtu bora wiki hiyo, ishi unavyoishi.

Andika vitenzi, usiandike vichwa vya habari. "Kazi" ni kichwa cha habari. Ukurasa wenye maana unasomeka hivi: "Saa 3 hadi 6: nilijibu barua pepe nne. Nilifungua ripoti, nikaandika aya moja, nikaiacha. Nikasoma ugomvi wa watu nisiowafahamu. Nikarudi kwenye ripoti, nikabadilisha ukubwa wa herufi." Ukiandika hivyo kwa siku mbili utaanza kuona haya. Vumilia, si lazima kuona haya kuzae kitu chochote.

Wiki ikiisha, pita kwenye kila mstari na uweke herufi moja pembeni. C ni nilichagua, L ni nililazimika, na M ni mkondo, yaani nilijikuta tu humo. Mapumziko uliyoyapanga ni C, hata kama ulilala chali saa mbili ukitazama dari. Kazi usiyoipenda inayolisha familia ni L, na haina aibu. M ndizo za kuzikagua kwa makini, kwa sababu hakuna aliyezichagua, hata wewe, na bado zimekula siku.

Kisha jiulize: mtu asiyenijua akiokota daftari hili, angesema ninajali nini? Andika mambo matatu ambayo yeye angeyataja, siyo ambayo wewe ungeyataja.

Neno kipaumbele lina "mbele" ndani yake, na mbele hapakai watu sita. Ukiwa na vipaumbele kumi na mbili, ulicho nacho ni orodha ya mambo unayoyapenda. Dwight Eisenhower, akiwa rais wa Marekani, alimnukuu mwaka 1954 mkuu mmoja wa zamani wa chuo aliyesema matatizo yako ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, na kwamba ya haraka si muhimu na ya muhimu kamwe si ya haraka. Ni kutia chumvi, mtoto mwenye homa kali ni vyote viwili. Lakini angalia M zako: karibu zote zilianza kwa kitu kilicholia, kilichowaka au kilichotetema. Ya muhimu hayapigi kelele. Mzazi anayezeeka hatumi arifa.

Angalizo moja kabla hatujasonga. Kama unauguza mtu, au unashikilia kazi mbili, saa zako nyingi ni L na hazisemi lolote kuhusu moyo wako. Kagua tu zile zilizobaki, hata zikiwa sita kwa wiki nzima. Sipendi miongozo inayomhukumu mtu kwa saa ambazo hajawahi kuwa nazo.

Wiki ya pili: nani ameweka amana kwako

Hapa tutakaa muda mrefu kidogo.

Kiswahili kimetupa ukoo mzima wa maneno: kuamini, kuaminika, kuaminiana, mwaminifu, na lile zuri kuliko yote, amana. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwako kwa muda. Kila anayekueleza jambo linaloweza kumuumiza likitoka nje ameweka amana. Kwa hiyo badala ya kujiuliza "je, ninaaminika?", swali ambalo kila mtu hujijibu ndiyo, hesabu amana ulizonazo.

Anza na watu. Andika majina yasiyozidi manane: wa nyumbani, wa kazini, marafiki. Mbele ya kila jina andika ni lini mara ya mwisho mtu huyo alikueleza jambo zito kabla hujalisikia kwingine. Mwezi tu unatosha. Utaona majina mawili matatu yana pengo refu ambalo hukuwahi kuliona, kwa sababu bado mnasalimiana, mnataniana, mnatumiana picha. Watu huacha kukueleza mambo muda mrefu kabla hawajaacha kukusalimia.

Sasa simu. Fungua kisanduku cha kutafutia kwenye programu unayotumia kuandikia watu, andika herufi hizi sita: nitaku. Sarufi yetu itakufanyia kazi yote. Zitamiminika: nitakupigia, nitakutumia, nitakujulisha, nitakurudishia, nitakuona wikendi. Chukua 20 za karibuni, uhesabu ulizotimiza. Tunasema ahadi ni deni kila siku, lakini ni wangapi wamewahi kupiga hesabu ya deni lenyewe? Mimi nilipata 11 kati ya 20, na nilikuwa nimejiona mtu wa neno lake. Kilichonishtua zaidi ni mgawanyo: za kazini nilikuwa nimetimiza zote isipokuwa moja. Nilikuwa ninakopa nyumbani ili nilipe ofisini.

Mwaka 1995 watafiti Roger Mayer, James Davis na David Schoorman walieleza kwamba tunapoamua kumwamini mtu tunapima mambo matatu: uwezo wake, nia yake njema kwetu, na uadilifu wake, yaani kushikamana na misingi tunayoikubali. Mgawanyo huu unasaidia sana kwa sababu imani haivunjiki yote kwa pamoja. Mtu anaweza kukuachia funguo za nyumba na asikuachie siri. Anaweza kujua unampenda na asikupe kazi ya kumsaidia kuhama, kwa vile anajua utachelewa. Weka alama mbele ya kila jina: huyu ananiamini kwa lipi kati ya hayo matatu, na lipi limelegea?

Mdogo wangu alipoteza kazi, na nilijua baada ya miezi mitatu. Dada yetu alijua, rafiki zake walijua, jirani yake alijua. Nilimpigia nikiwa nimevimba kwa hasira ya mtu aliyedharauliwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinyamaza kidogo. "Kaka, nikikuambia jambo unanipa hatua tano kabla sijamaliza sentensi. Nilikuwa sitaki hatua. Nilitaka mtu ajue tu."

Uwezo wangu aliuamini, nia yangu pia. Alichokosa ni nafasi ya kumaliza sentensi. (Ndiyo, na hapa ninaandika mwongozo wa hatua kwa hatua. Ugonjwa huu hauponi haraka.)

Kutoka hapo nilijifunza namna ya kuuliza. Chagua watu wawili kutoka kwenye orodha, usiwaulize "unaniamini?" kwani watajibu ndiyo kwa adabu. Uliza hivi: "Ukipata shida usiku wa manane, ni shida gani ungeniita mimi, na ni ipi ungemwita mtu mwingine?" Swali hili halimlazimishi kukuhukumu, linamwomba akupange tu. Akijibu, sema asante, andika maneno yake kama alivyoyasema, na usijitetee kwa siku mbili nzima. Kujieleza papo hapo kunamfundisha kwamba ukweli kwako una gharama. Na usimuulize aliyewahi kukudhuru. Jibu lake litakuwa na mambo yake humo.

Upande wa pili tuupitie haraka: wewe unamwamini nani? Kukua wakati mwingine ni kupunguza. Kama kuna mtu unayemkabidhi mambo yako kila mara na kila mara yanarudi yamevunjika, kumwamini kwa uwezo wake na kumnyima siri zako si ubaya wa roho.

Fungua bahasha

Mwanasaikolojia Erik Erikson aligawa ukuaji wa binadamu katika hatua nane. Ya kwanza kabisa, ya uchanga, aliiita kuamini dhidi ya kutoamini. Utambulisho aliuweka wa tano, kwenye ujana. Alikuwa akizungumzia maisha mazima, lakini mimi nimeuazima mpangilio huo: ukishajua nani anakuamini na kwa lipi, swali la wewe ni nani linakuwa jepesi zaidi.

Toa karatasi yako ya sentensi 20. Weka mbele yako daftari la saa na orodha ya majina. Kwa kila sentensi tafuta ushahidi humo, kisha uandike moja kati ya haya: ipo, ilikuwapo, naitamani.

"Ilikuwapo" ndizo zinazouma. Mimi ni mchoraji, na penseli haijaguswa mwaka wa tatu huu. Mimi ni rafiki yake fulani, na mara ya mwisho mlizungumza msibani. Usizifute kwa hasira. Ziandike upya kwa wakati uliopita, "niliwahi kuwa mchoraji," kisha uisome kwa sauti. Sentensi nyingine zikisomwa hivyo huleta nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. Nyingine hukufanya uinuke kutafuta penseli. Hisia ya hapo, kwa mara moja, naiamini kama ushahidi.

"Naitamani" zina dawa yake kwenye lugha yetu. Badilisha "mimi ni" kuwa "huwa". Mimi ni msikilizaji mzuri: sawa, mtu akiongea nawe huwa unafanya nini? "Mimi ni" inakubali kila kitu unachoimwagia, ila "huwa" inadai mazoea. Sentensi yangu ya 14 ilipogeuzwa ilisomeka: "Wadogo zangu wakipata shida, huwa ninawapa ushauri ambao hawajauomba, na huwa wanaikimbilia nyumba nyingine." Haikuwa tamu, lakini kwa mara ya kwanza ilikuwa sentensi niliyoweza kuifanyia kazi.

Bado swali moja kwa zile zenye alama ya "ipo". James Marcia, akiendeleza kazi ya Erikson mwaka 1966, alieleza hali nne za utambulisho, na mojawapo ni ya mtu aliyeshika msimamo bila kupitia kipindi cha kutafuta: kazi aliyochaguliwa, imani aliyoikuta, tabia ya ukoo. Kurithi si kosa. Lakini jiulize, hii niliwahi kuikagua hata mara moja? Ukiikagua na kubaki nayo, sasa ni yako.

Utajuaje kwamba umekua

Usijilinganishe na kumbukumbu ya ulivyokuwa, maana kumbukumbu hiyo unaiandika wewe leo. Tafuta maandishi ya zamani. Soma ugomvi mmoja ulioandikiana na mtu miaka mitatu iliyopita, kisha mmoja wa mwezi huu. Mimi huangalia vitu viwili tu: ilichukua muda gani kati ya kosa na kukiri, na nilitumia mara ngapi neno "lakini" baada ya "samahani". Ugomvi wangu wa zamani ulichukua siku tisa. Wa karibuni, saa nne na "lakini" moja.

Na usifikiri umefika. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha utafiti uliohusisha zaidi ya watu 19,000 wa umri wa miaka 18 hadi 68. Wa rika zote waliona wamebadilika sana miaka kumi iliyopita, na wa rika zote walidhani miaka kumi ijayo watabadilika kidogo tu. Kila mmoja anaamini kwamba huyu wa leo ndiye wa mwisho.

Badilisha kimoja

Kimoja. Najua ukurasa wako una vinane. Fisi na njia mbili zake tunamfahamu sote.

Kiandike kwa umbo ambalo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelifanyia kazi miaka mingi: hali fulani ikitokea, nitafanya jambo fulani. Silabi yetu ya -ki- imeumbwa kwa kazi hii. "Mdogo wangu akipiga, nitauliza maswali mawili kabla ya kushauri chochote." "Nikiandika nitaku, nitaweka siku na saa hapohapo, la sivyo nitaifuta." Kisha andika chini yake saa zake zitatoka wapi, ukitaja mstari wa M utakaokatwa. Azimio lisilokatwa kutoka mahali popote halina pa kukaa.

Tafakari ikigeuka mateso

Kuna kutafakari, na kuna kusaga jambo lilelile usiku kucha. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi kusaga huko kunavyokwenda pamoja na sonona. Alama yake ni rahisi: umeandika sentensi ileile mara ya tatu bila ushahidi mpya. Funga daftari hapo. Weka kikomo cha dakika 15 kwa kikao. Jambo likikuumiza, liandike kwa jina lako, "fulani alikasirika kwa sababu…", kana kwamba ni mtu mwingine. Umbali huo mdogo hutuliza. Na kama usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au unawaza kujidhuru, achana na mwongozo huu na umwone daktari au mshauri nasaha. Daftari halitibu hayo.

Baada ya siku 90

Weka tarehe kwenye kalenda sasa hivi. Siku hiyo ikifika, andika kwanza sentensi 20 mpya, ndipo ufungue za zamani. Ukibadilisha mpangilio utanakili. Tafuta tena "nitaku", uhesabu 20. Rudia swali la usiku wa manane kwa mtu mmoja kati ya wale wawili. Saa huna haja ya kuzifuatilia wiki nzima tena, siku tatu zinatosha.

Karatasi za zamani usizitupe. Zangu sasa ni nne, zote ndani ya bahasha ileile. Ya kwanza ina sentensi mbili ambazo, nikizisoma leo, mwandiko ni wangu kabisa lakini sijui nilimaanisha nini.